Mwewe niliyemcheka

Ile video ya mwewe nimeifuta, na nawaambia kwa nini.

Stima zilipotea Timbwani mchana, tukasikia puu! Chini ya nguzo, mwewe, mabawa yafuka moshi. Nikarekodi, nikaandika: "Kuku choma wa bure." Mkacheka. Nami nikacheka.

Halafu mmoja wenu akauliza, mbona kunguru hukaa pale kila siku na hafi? Sikuwa na jibu (wajua mimi chuo niliacha njiani). Kumbe ndege akishika waya mmoja tu, stima haina pa kupitia. Lakini mwewe ana mabawa mapana. Akigusa waya wa pili, au chuma kinachoshuka ardhini, stima yapita mwilini mwake.

Na dawa ipo, wala si mbali. Panda matatu Likoni, shuka Diani: Colobus Conservation wanawapigania mbega tangu 1997. Matawi yanakatwa, nyaya zinafunikwa, kuna madaraja ya kuvukia barabara juu kwa juu. Mbega wana watetezi. Mwewe sisi twamwita mwizi wa vifaranga, basi.

Jana mwewe mwingine alikuwa juu ya nguzo ileile. Sikurekodi. Nilipigia wenye nguzo, wakaniambia nisubiri. Nasubiri.