Kilwa Kisiwani: Mji Uliosimama kwa Amana



Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ametuhimiza mara nyingi katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tukisikia mawaidha hayo, fikira zetu hukimbilia mbali: Misri ya Firauni, Baghdad ya makhalifa, Andalusi na bustani zake. Si vibaya kufikiri hivyo. Lakini wiki hii twataka kuwachukua mahali palipo karibu zaidi, pwani hii hii yetu, penye mji ambao katika karne ya 14 Miladia ulikuwa miongoni mwa miji mashuhuri ya Bahari ya Hindi.

Mji wenyewe ni Kilwa Kisiwani. Anayetoka Mombasa huvuka mpaka Lunga Lunga, akapita Tanga na Dar es Salaam, kisha akashika njia ya kusini. Huuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na akifika Nangurukuru hupinda kuelekea baharini hadi Kilwa Masoko. Hapo ndipo mgeni hupata kibali na mwongozaji, na akapanda mashua. Kivuko ni kifupi. Mtu hamalizi uradi wake ameshafika. Kinachomlaki kwanza ni Gereza, ngome iliyo ufuoni. Nyuma yake, chini ya mibuyu na minazi, kuna kijiji cha wavuvi na wakulima, na katikati ya mashamba yao yamesimama magofu.

Masimulizi ya kale ya mji huu, yaliyoandikwa kwa Kiarabu na pia kunukuliwa na Mreno João de Barros, yaeleza kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa mfalme wa bara. Bei ilikuwa nguo, kiasi cha kukizunguka kisiwa chote. Wanavyuoni wa historia hawakichukui kisa hicho neno kwa neno. Uchimbaji umeonyesha kwamba watu wa pwani walikuwa wakiishi hapo, wakivua na kufua chuma, tangu zamani kabla ya masultani. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotokana na mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu, umeonyesha kwamba wengi wa waliozikwa humo walikuwa na asili mbili zilizochanganyika tangu yapata mwaka 1000: ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba. Basi wale wanaoshindana barazani kwamba Mswahili ni wa huku ama ni wa kule, na wapumzike kidogo. Mifupa imekwisha kujibu.

Hata hivyo, kisa cha nguo kina jambo la kuzingatiwa. Watu wa Kilwa walipotaka kujieleza asili yao, hawakusema waliuteka mji kwa upanga. Walisema waliununua, kwa bei iliyoafikiwa. Huo ndio mlango wa kuufahamu mji huu, kwani Kilwa uliishi kwa biashara, na biashara ya zama zile haikuwa na benki wala bima. Ilikuwa na pepo mbili na neno la mtu.

Pepo hizo twazijua sote. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Kusini ya Kilwa kulikuwa na Sofala, bandari ya dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe. Kilwa ulipoishika njia ya Sofala, dhahabu na pembe za ndovu zilipita mikononi mwake kwenda kaskazini, na nguo, shanga na vyombo vya kaure vya Kichina vikaja kusini. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, imepatikana sarafu ya shaba yenye jina la sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu za Kilwa zenyewe ni somo. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya vina yanayotangaza tegemeo lake kwa Mola wake. Kila aliyenunua samaki kwa sarafu ile alishika mkononi ushahidi kwamba mtawala naye ana wa kumtawala.

Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja miezi mpaka upepo ugeuke. Angelala wapi, na mali yake nani angeilinda? Ibn Battuta wa Tangier, aliyepita pwani hii mwaka 731 Hijria, sawa na 1331 Miladia, ameeleza desturi aliyoiona Mogadishu. Kila mfanyabiashara mgeni alifikia kwa mwenyeji wake mmoja, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyemlalia mgeni bei, au aliyefanya naye biashara mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Dhamana ya mji mzima ilikuwa juu ya mwenyeji kuwa mwaminifu.

Msafiri huyo alilala usiku mmoja Mombasa. Akawaandika wazee wetu kuwa ni Mashafii, watu wa dini na staha, misikiti yao ikiwa ya mbao, na penye milango ya misikiti kukiwa na visima ili anayeingia aoshe miguu yake kwanza. Kutoka hapo akafika Kilwa, akausifu kuwa ni katika miji mizuri iliyojengwa kwa ustadi. Sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi. Ijumaa moja, alipokuwa akitoka msikitini, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akamtolea zile alizoombwa.

Kisa hiki husimuliwa sana, na huishia hapo. Lakini kina mwisho, na haifai kuuruka. Mrithi wa sultani alizitwaa nguo zile kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa 10. Na sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Ibn Battuta aeleza pia kwamba sultani huyo alikuwa akifanya vita katika nchi za watu weusi wa bara, na kutoka ngawira akitenga khumsi kama sheria ilivyoagiza. Khumsi ilihesabiwa sawasawa. Lakini wale 20 waliotolewa zawadi walikuwa na mama zao, na bara ile iliyovamiwa ni ile ambayo masimulizi yasema iliuza kisiwa kwa nguo. Jirani aliyefanya mapatano amekuwa windo. Twasema haya si kwa kumtukana aliyekufa, bali kwa sababu karne nne baadaye, mwaka 1776, sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mji ulioanza kwa kuuza dhahabu ukafika kuuza watu.

Turudi kwenye mawe. Majengo mawili ya Kilwa yafaa kutazamwa pamoja. La kwanza ni Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa nje ya mji, juu ya jabali linaloangalia bahari, wakati wa sultani huyo huyo Abu al-Mawahib. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua za wageni na za bidhaa, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Kwa wakati wake haikuwa na mfano katika pwani yetu. Nayo haikumalizika, wala haikukaliwa kwa muda mrefu. Leo ni kuta zilizobomoka, magugu, na ngazi zinazoteremka hadi baharini.

La pili ni Msikiti Mkuu, katikati ya mji. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ndogo, ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa baadaye, ikaezekwa kwa kuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi aliyakata matumbawe yangali mabichi baharini, maana yakitoka majini huwa laini, na yakikauka huwa magumu. Msikiti huu nao ulipata kubomoka. Lakini katika karne ya 15 ulitengenezwa tena, kwa sababu ulikuwa na wenyewe. Kasri ilikuwa ya mtu mmoja, naye alipoondoka hapakuwa na aliyeihitaji. Msikiti ulihitajiwa mara tano kila siku. Mgeni akisimama leo chini ya zile kuba, sauti ikamrudia, hahitaji kuelezwa tofauti.

Na ulianguka vipi mji huu? Jawabu jepesi ni Wareno. Ni kweli: mwaka 1502 Vasco da Gama aliulazimisha mji kwa vitisho utoe kodi ya dhahabu, na mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuupora. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya Mombasa, ikachomwa moto. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Wareno walipofika, aliyekuwa akitawala Kilwa hakuwa wa ukoo wa masultani. Alikuwa Amiri Ibrahim, baada ya miaka ya maamiri na jamaa za kifalme kunyang'anyana kiti. Almeida hakupata taabu kumpata mtu wa mji wa kumweka kitini badala yake. Na Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ilikwisha kuwapokea Wareno kama marafiki tangu 1498. Miji hii ilikuwa na kibla kimoja, madhehebu moja na lugha moja. Haikuwa na neno moja.

Ndugu zetu, magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, na kazi ya kuyakinga na bahari inayoula ufuo yaendelea. Mawe yana wa kuyatazama. Sisi yatupasa kutazama lile lililoyasimamisha. Ndugu wawili wagombanao mahakamani kwa kiwanja cha marehemu baba yao; kamati ya msikiti iliyogawanyika hata salamu zikakatika; mwenye duka apunguzaye mizani: hawa wabomoa ukuta ule ule uliobomoka Kilwa, na hawahitaji manowari ya mtu kuwasaidia.

Asiyeweza kwenda Kilwa na asikose vya karibu. Jumba la Mtwana ni mwendo mfupi kutoka Mtwapa, na magofu ya Gedi, yaliyoingizwa nayo katika urithi wa dunia mwaka 2024, yako njia ya Malindi. Likizo ijayo, wazazi wawachukue watoto. Wawaonyeshe mihrabu, kisima na makaburi, wawaulize: wenyewe walikwenda wapi? Kisha wakae nao kivulini wawaachie wajibu wenyewe kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awasamehe walipoteleza, na atujaalie kuwa watu wa amana. Wabillahi tawfiq.