Siku Zetu Ubaoni

Sisi wanawake wa Kanoni, wilayani Karagwe, kusuka hatukufundishwa na mgeni. Ukindu tuliuona mikononi mwa mama zetu: kuukata, kuupasua, kuuanika, kuutia rangi, kisha kusuka hadi mkeka utimie. Tusichokijua kilikuwa kutaja bei. Mnunuzi alipofika, aliyezungumza naye alikuwa mume au shemeji, nasi tukabaki jikoni tukisikiliza kazi ya siku kumi na mbili ikiuzwa shilingi 8,000.

Tulipounda kikundi tulikuwa na nia moja tu, nayo ni mkopo wa halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, na kwetu sisi Waislamu hilo ndilo lililotutoa majumbani. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, ikarejea 2024. Katika kungoja huko tukaendelea na mafunzo ya uongozi: kuandika katiba, kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuendesha mkutano bila ugomvi. Tukiri kwamba mwanzoni tuliyaona kama adhabu ya kuvumiliwa ili fedha zipatikane.

Kumbe macho yetu yangefumbuliwa na hesabu. Siku moja mweka hazina aliandika ubaoni gharama za mkeka mmoja: ukindu, rangi, nauli ya Kayanga, na mwisho siku zetu. Hakuna aliyewahi kuziandika siku zetu. Bibi mmoja, msukaji hodari kuliko sote, ambaye mkutanoni alikuwa hafungui kinywa, akauliza: "Mwanangu, basi siku hizo zote alikuwa akizilipa nani?"

Hatukuwa na jibu.

Mnunuzi aliporudi, tulimtanguliza bibi huyo. Akataja 25,000. Mnunuzi akacheka, akaondoka. Mikeka ikakaa miezi miwili bila mteja, na waume wawili wakawazuia wake zao kuja kikundini. Mmoja hajarudi hadi leo. Mikeka ilinunuliwa hatimaye, kwa bei ile ile, na watu wengine kabisa.

Sasa bibi anataka kila msukaji asuke alama yake pembeni mwa mkeka, ajulikane. Baadhi yetu tunaona ni majivuno, maana kazi ni ya kikundi. Shauri tumeliahirisha hadi maharage yavunwe. Yeye hakungoja, alama yake ameshaisuka.