Kijabe: Shule iliyo ukingoni mwa msitu na upepo

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya kwenda Naivasha, ukaipita Limuru na mashamba ya viazi na kabeji ya Kimende, utafika mahali ambapo ardhi ni kama imekatwa kwa panga. Upande wa kushoto linafunguka Bonde la Ufa. Chini kabisa ni Mai Mahiu, na mbele yake umesimama Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776. Barabara ndogo inaiacha ile kuu na kuteremka katikati ya miti. Katika mteremko huo ndipo ilipo Kijabe.

Jina hilo limetokana na lugha ya Wamaasai, na maana yake ni upepo. Mgeni hahitaji kuelezwa zaidi. Hata jua likiwaka, upepo wa hapa hupenya nguo, na anayetoka Nairobi bila sweta hujuta mapema.

Familia nyingi za jijini zinaijua Kijabe kwa sababu ya hospitali yake, ambayo chanzo chake ni mwaka wa 1915. Lakini Kijabe ni mji wa shule pia. Iliyo kongwe zaidi ni Rift Valley Academy, shule ya bweni ya Kikristo inayosomesha wavulana na wasichana pamoja. Ilianzishwa mwaka wa 1906 na wamisionari wa Africa Inland Mission ili watoto wao wasipelekwe ng'ambo kusoma. Kuna shule nyingine za upili na chuo cha Biblia pia, na kengele zao zinasikika mteremko mzima.

Mbogo waliobaki katika jina

Jengo la zamani la shule hiyo linaitwa Kiambogo, yaani mahali pa mbogo. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1909 na Theodore Roosevelt, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameondoka madarakani kama rais wa Marekani. Alikuwa amekuja Afrika Mashariki kuwinda. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama na ndege wakubwa 512, wengi wao wakipelekwa katika makumbusho ya Washington.

Leo mbogo hawapiti tena mbele ya jengo hilo. Wamebaki katika jina, na katika timu ya raga ya shule inayojiita Buffaloes. Hilo linatosha kumfundisha mwanafunzi kwamba kitu kinaweza kuondoka mahali na kuacha jina tu.

Msitu ndio ukuta

Msitu wa Kijabe haujaondoka, ingawa umeumia. Ni msitu wa mitarakwa na mizeituni mwitu, na mwenye bahati humwona mbega mweupe kwa mweusi akiruka juu ya matawi. Miti hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa na wahalifu. Mtarakwa hutoa nguzo zisizoliwa na mchwa, na mzeituni mwitu hutoa makaa yanayokaa na moto muda mrefu. Ukipita vijiani utakuta mashina yaliyokatwa na mviringo mweusi ardhini palipokuwa na tanuri la makaa.

Kwa watu wa mteremkoni, jambo hili si la kupendezesha macho. Maji ya Kijabe hutoka katika chemchemi za msitu huo, na mizizi ndiyo inayoushika udongo. Mti wa juu ukiangushwa, anayeishi chini huliona tope.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mvua kubwa ikinyesha, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani huko Old Kijabe baada ya mkondo wa chini ya tuta kuzibwa na takataka na mawe. Tuta lilipasuka. Maji yalishuka hadi Mai Mahiu yakiwa na magogo na matope, na watu zaidi ya 45 wakapoteza maisha wakiwa wamelala. Si haki kusema kukatwa kwa miti peke yake ndiko kulikoleta msiba huo. Lakini kila aliyeona magogo yale alielewa kwamba ya juu na ya chini hayatenganishwi na ua wala lango.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Katika miaka ya 1990 vijana wa eneo hili waliunda kundi la KENVO, wakaanza kutunza vitalu vya miche na kuhimiza ufugaji wa nyuki ili msitu ulete pesa ukiwa umesimama. Sheria ya Misitu ya 2005 nayo iliwapa wanaoishi kando ya misitu nafasi ya kushiriki katika kuitunza.

Swali kwa wazazi

Tunapotafuta shule ya bweni, sisi wazazi huuliza juu ya matokeo ya mtihani, karo, chakula na nidhamu. Ni nadra kuuliza kuni za jikoni zinatoka wapi, na maji ya kuoga yanaanzia wapi. Shule nyingi za bweni nchini bado hupikia kuni, na mtoto anayekula githeri ya kuni kwa miaka minne anapaswa kujua mti ule ulipandwa na nani, na kama kuna mwingine uliopandwa mahali pake. Samaki mkunje angali mbichi.

Kijabe iko karibu, kama kilomita 60 kutoka Nairobi. Matatu za Kimende ni nyingi, na hapo utapata gari la kuteremka. Nenda na watoto asubuhi, kabla ukungu haujarudi. Ingieni msituni pamoja na mtu anayezijua njia, na msisahau sweta. Mkifika mahali ambapo bonde linaonekana lote, waonyesheni Mai Mahiu kule chini, kisha miti iliyo nyuma yenu, na waacheni waunganishe wenyewe.