Magogo yaliyopinda ya Matondoni

Wageni wengi waendao Lamu huishia katika ule mji mkongwe uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hutembea vichochoroni, wakapiga picha milango ya nakshi na punda, kisha wakarudi zao. Nami nusura nifanye vivyo hivyo nilipokwenda huko likizoni na mwanangu wa miaka 11, lau si nahodha mmoja kutushauri twende Matondoni, kijiji kilichoko upande wa pili wa kisiwa, kinachosifika kwa mafundi wake wa vyombo vya baharini.

Tuliabiri mashua asubuhi. Tanga lilikuwa na viraka si haba, kimoja cha gunia la unga. Mwanangu alikiona, akacheka.

Yafaa niseme jambo moja hapa. Mwanangu ana kigugumizi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimmalizia maneno, dukani, kanisani, hata mbele ya mwalimu wake, nikidhani namsitiri.

Ufuoni Matondoni utakuta mashua zimeegemezwa magogo, chache mpya, nyingi kuukuu zilizoletwa kutengenezwa. Kijana mmoja alikuwa akikalafati, yaani akishindilia pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao na mbao ili maji yasipenye. Hata hivyo hupenya kidogo. Ndiyo sababu baharia hakosi kopo la kuyachotea.

Kando palikuwa na rundo la magogo yaliyopinda kama viwiko. Mwanangu akamwendea fundi mzee.

"Babu, k-k-kwa..."

Neno likakwama. Nikafungua kinywa kumsaidia. Mzee akaniinulia kiganja bila hata kunitazama, akaweka tezo chini, akangoja. Hakutabasamu, wala hakuonyesha huruma. Punda alilia mahali fulani, akanyamaza.

"...kwa nini m-mmeweka kuni hapa?"

"Si kuni hizo, mjukuu wangu. Ni mataruma, mbavu za chombo. Mti ulionyooka haufai hapo. Ukiuchonga upate pindo, unaukata nyuzi zake, nao utakuvunjikia siku ya mawimbi. Sisi hutafuta uliopinda wenyewe, tangu ungali mchanga."

Akatwaa gogo moja, akaliegemeza ubavuni mwa mashua. Likakaa barabara.

Basi maswali yakafunguka. Nilihesabu 9, na kila moja lilingojewa hadi mwisho. Kisha mzee akampa pamba na nyundo. Mshono wa mwanangu ulikwenda upande, na mzee aliutazama, akaugonga mara mbili, akauacha hivyo hivyo.

Jioni, katika kurudi, nahodha alimwuliza ameona nini.

"M-m-ma..."

Neno nililijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikainua macho nikakitazama kile kiraka cha gunia, kimejaa upepo kama tanga zima.

"Mataruma," akasema mwanangu. Na hadithi yake ikatufikisha gatini Lamu, taa zikianza kuwashwa.