Uvimbe wa Shingoni

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Nami nilificha yangu miaka minne.

Uvimbe ulianza chini ya taya, upande wa kushoto, mdogo kama punje ya hindi. Haukuuma. Nikavaa kola ndefu, nikaendelea kufundisha katekisimu na kuongoza nyimbo. Jirani alisema nimerogwa. Ulipofikia ukubwa wa yai la njiwa, nikaenda zahanati moja. Muuguzi akadhani ni jipu, akataka kulitumbua pale pale. Lakini mimi nilikuwa nimeugusa usiku, nikausikia ukipiga kama moyo. Nikaogopa, nikatoka. Kumbe woga ule uliniokoa!

Huko Bukavu mganga mpasuaji aliusukuma kwa vidole: ukasogea mbele na nyuma, bali juu na chini ukakataa. Hakuchoma sindano, maana uvimbe wa namna hii umejaa damu. Akaagiza ekografia, kisha skana. Ndipo akanieleza. Mshipa mkubwa upelekao damu kichwani, uitwao karotidi, hugawanyika shingoni kama panda ya mti. Katika panda ile kuna kiungo kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuipima damu. Hewa safi ikipunguka ndani yake, huamsha pumzi. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuchunguza mambo hayo. Kiungo hicho kikikua kupita kiasi, ndio uvimbe wangu. Mara nyingi si kansa. Wakaao juu sana milimani, kama Andes, ambako hewa ni haba, huupata zaidi, wengine huurithi. Kwa hiyo aliniuliza habari za ndugu zangu wote.

Kisha akasema neno lililonikata maini: «Mishipa ya fahamu ya ulimi na ya sauti hupita hapo hapo. Yaweza kuumia. Hata kiharusi chaweza kutokea. Lakini tukiuacha, utazidi kuukumbatia mshipa, na kazi itakuwa ngumu zaidi.»

Katekista bila sauti ni nini? Siku tatu sikulala. Mke wangu akaniambia: «Baba Petro, watoto wanataka baba, hawataki mwimbaji.» Basi nikakubali.

Walifanya kazi saa nne, wakiubandua polepole juu ya mshipa. Nilipoamka, mganga aliniambia nitoe ulimi, niinue mikono, nitaje jina langu. Ulimi ulitoka sawa, mikono ikainuka; jina likatoka kwa mkwaruzo. Nikalia kwa furaha.

Sasa naongea vizuri, ila nyimbo za juu nimewaachia vijana. Ndugu zangu nimewapeleka wote wakapimwe shingo.

Nawe msomaji, ukiona uvimbe shingoni, usiufiche, wala usikubali utumbuliwe kabla haujachunguzwa. Kola ndefu haiponyi kitu.