Tutembelee Milima ya Uluguru

Ukifika Morogoro mjini, tazama upande wa kusini. Utaona milima mirefu yenye mawingu. Hiyo ni milima ya Uluguru. Kilele kirefu kuliko vyote ni Kimhandu. Kinapita mita 2,600.

Panda kwa miguu mpaka Morningside. Hapo ipo nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani walipotawala. Njiani utakutana na Waluguru wakishuka sokoni na ndizi na mboga. Juu zaidi ni msitu. Humo wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Milima hii ina historia. Waingereza waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima hawakuulizwa. Mwaka 1955 walikataa. Mpango ule ukafa.

Lakini udongo bado unataka kutunzwa. Mto Ruvu unaanzia huku, na maji yake yananywewa mpaka Dar es Salaam. Miti ikikatwa, mvua huchukua udongo wa shamba na kuutia mtoni. Kiangazi kikija, chemchemi hukauka. Kwa hiyo mwaka 2008 msitu huu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Ukienda, usiache moto nyuma yako.

Je, mto wa kijijini kwako unaanzia wapi? Nenda ukapaone. Zamani wakulima waliamriwa kutunza mlima. Leo tuutunze kwa sababu tunajua faida yake.