Shira, Kashata na Ndimi za Watoto Wetu

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeinukuu methali hii tangu insha za shule ya msingi, lakini ni nadra tujiulize: je, kilugha mtoto hulelewa wapi? Majibu tuliyoyazoea ni darasani, vitabuni na redioni. Katika makala haya mafupi ningependa kumwalika msomaji mahali ambapo wasomi wa taaluma yetu hatupaingii sana kwa nia ya utafiti. Mahali penyewe ni jikoni, hasa wakati wa likizo ya Desemba, watoto wanapodai vitu vitamu na wazazi wanapohesabu shilingi.

Kabla ya kuwasha jiko, tuutazame msamiati. Katika maduka ya Ruiru mtoto huomba "switi". Kamusi zitampa peremende, Mtanzania atamwambia pipi. Hayo ni majina ya vitu vilivyokwisha kufungwa kwa karatasi kiwandani, na mtoto hana la kutenda ila kununua, kufungua na kumung'unya. Vitamu vya nyumbani ni ukoo mwingine: kashata za nazi, za karanga au za ufuta, kaimati zinazogaragazwa ndani ya shira, visheti, mabuyu yaliyovishwa sukari, rangi na pilipili. Kila kimoja huja na vitenzi vyake. Hata historia imo. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, na katika sukari guru, ambayo wachuuzi wa Thika huiita sukari nguru, mna neno la Kihindi.

Yamkini msomaji wa Mombasa au Unguja atauliza: kashata na Thika, wapi na wapi? Thika na Ruiru ni miji ya viwanda na wapangaji. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi zaidi ya 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Katika ploti moja utampata Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mluo wakianika nguo kwenye kamba moja, na lugha inayowakutanisha kwenye mfereji wa maji ni Kiswahili. Malighafi nayo haitusumbui. Karanga hupimwa sokoni kwa gorogoro, nanasi hupangwa kando ya barabara, makadamia hubanguliwa katika viwanda vya huku huku, na nazi hupanda na malori kutoka Pwani. Kilichopungua ni mtu wa kuketi na watoto na kuvichanganya.

Dada yangu anaishi Ruiru na hufanya kazi ya zamu kiwandani. Shule zinapofungwa, wanawe wawili, msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 5, huletwa Makongeni, mjini Thika, kwa nyanya yao wanayemwita shosho. Mimi nami huwa hapo, nikihangaika na sura za tasnifu. Likizo iliyopita niliona jambo lililonikosesha usingizi. Katika shule ya msichana huyo, ambayo sitaitaja, kuna kibao cha mti chenye uzi. Mtoto anayenaswa akizungumza lugha isiyo Kiingereza hukivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza desturi ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, akiikumbuka shule ya enzi ya ukoloni. Mpwa wangu anaijua kwa shingo yake mwenyewe.

Matokeo yake yalionekana mezani. Nyanya yake alisoma hadi darasa la nne, na Kiingereza chake hakivuki salamu. Akimuuliza mjukuu kama ameshiba, mjukuu hutikisa kichwa. Akimuuliza habari za shule, hujibiwa kwa maneno mawili ya Kiingereza na mazungumzo yakakatika. Watu wawili wanaopendana walikuwa wakiishi chini ya paa moja kama abiria wa matatu.

Siku ya tatu mama alisema, "Leteni karanga, leo tunapika kashata." Vipimo vyetu vilikuwa vyepesi: vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha sukari na punje sita za iliki. Kazi ikagawanywa kwa umri. Mama alizikaanga karanga, akaziacha zipoe, kisha watoto wakazifikicha kwa viganja hadi maganda yakatoka. Mvulana akapewa uteo ajaribu kupepeta, na nusu ya maganda ikamrudia usoni. Msichana akatwanga iliki katika kinu kidogo, kisha akapaka sinia mafuta. Karanga tulizivunjavunja kwa mchi, kwa kuwa punje nzima ni hatari kwa koo la mtoto mdogo.

Jiko lilikuwa langu na mama peke yetu. Sukari inayoyeyuka hupita joto la nyuzi 150, nayo ikigusa ngozi hunata na kuendelea kuchoma. Watoto walisimama mlangoni, nyuma ya mstari tuliouchora kwa chaki, wakawa watangazaji. Hapo ndipo maneno yalipohitajika. Msichana alianza kwa Kiingereza, lakini aliyeshika mwiko hakukielewa, na sukari haingoji mkalimani. Akanigeukia mimi, nami nikawa na shughuli ya ghafla ya kutafuta iliki. Basi akasema, "Shosho, inakuwa maji!" Mama akamjibu, "Inayeyuka, mama. Ikishayeyuka yote, niambie." Baadaye: "Shosho, imeyeyuka, lakini pale kando haijayeyuka." Mwanaisimu atakiona hapo kitenzi kikikanushwa bila ubao wala chaki.

Tulipomimina karanga na iliki, tukaitandaza kashata kwenye sinia kwa kile kijiti cha kusukumia chapati, tukaikata vipande vya pembe nne ingali moto. Ikipoa kabla ya kukatwa hutaka nyundo. Wakati wa kungoja ipoe ni kama dakika 20, na kwa watoto huo ni mwaka mzima. Mama aliujaza kwa vitendawili. "Kuku wangu ametagia miibani," akatega. Watoto wakamtaja nungunungu, wakataja waridi, wakampa mji. Jibu lilipotoka kuwa ni nanasi, mvulana alikimbia sokoni kwa macho, maana siku hiyo hatukuwa na nanasi.

Kesho yake tulilinunua. Tulilimenya, tukalikata vipande vyembamba, tukavichemsha kwa moto mdogo katika shira ya kikombe kimoja cha maji na kimoja cha sukari, hadi vikang'aa. Vikachujwa, vikafunikwa kitambaa chepesi na kuanikwa juani siku mbili, kisha watoto wakavigaragaza katika sukari kavu. Walivilinda dhidi ya nzi kama mali ya serikali. Msichana aliviona vitone vya maji chini ya kifuniko cha sufuria akasema, "Sufuria inalia kwa sababu ya utamu." Mimi ninayesoma tashihisi vitabuni niliandika kauli hiyo kwenye ukingo wa tasnifu yangu.

Kiswahili cha mama si kile cha mitihani. Yeye husema sukari "imeshikana" pale ambapo kamusi ingesema imegandana, na huchanganya ngeli za vyombo vyote vya jikoni. Mvulana naye alitangaza kwa Sheng kwamba kashata ziko "fiti". Nilijizuia kuwasahihisha, kwani mtoto aliyezoea kunaswa hutambua upesi mnasaji mpya, hata akiwa na kamusi mkononi. Usanifu una siku yake na mahali pake. Kwanza lugha iwe na mtu wa kuambiwa.

Mkesha wa Krismasi dada yangu alifika kutoka zamu. Nilipomweleza furaha yangu, hakuipokea kama nilivyotaraji. "Ndugu yangu," alisema, "mtihani hauulizi kashata. Mimi nilinyimwa kazi ya ofisi kwa ajili ya Kiingereza. Huyu hatanyimwa." Hoja yake si ya kudharauliwa. Ni hoja ya mamia ya wazazi wanaolipa karo kwa mishahara ya viwanda, na sisi tulio na karatasi za chuo tukiwajibu kwa kaulimbiu peke yake tutakuwa tunawatania. Nilimjibu kwamba hakuna aliyemtaka mtoto akiache Kiingereza, na kwamba kichwa cha miaka 7 kina vyumba vingi. Hakunijibu. Msichana alikuwa akimvuta mkono amwonyeshe sinia, akimsimulia mapishi kwa Kiswahili kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na mama yetu akimsaidia pale alipokwama.

Kibao bado kipo. Kashata hazikukiondoa, na Januari mtoto alirudi kukikabili. Lakini sheria iko upande wa wale wanaotaka kukihoji. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imekwisha kupendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao. Dada yangu amekubali twende pamoja kwenye mkutano wa wazazi. Ameniambia nisizungumze kama mhadhiri.

Alhasili, ndugu wanachama, kila Desemba chama chetu hutawanyika hadi vijijini na mijini. Tunabeba vitabu na kurudi navyo havijafunguliwa. Ninapendekeza kila mmoja wetu apike kitu kimoja kitamu na watoto wa kwao, ayaandike maneno yatakayotumika, ya sanifu na yasiyo sanifu, na ayalete Januari tuyalinganishe. Gharama ni vikombe viwili vya karanga na kimoja cha sukari. Mpe mwiko mtu mzima asiyejua Kiingereza, umweke mtoto mahali salama anapoweza kuona, kisha utafute shughuli ya kukutoa katikati yao.